Gridi erevu: Kwa nini Fedha husubiri simu ya mteja ndipo taa ziwake

Umeme unapopotea usiku mtaani Fedha, Embakasi, jambo la kwanza ambalo mkazi hufanya ni kuchungulia dirishani. Jengo la jirani likiwa na taa, hitilafu iko karibu: huenda tokeni zimekwisha au swichi ya nyumba imejizima. Giza likiwa limetanda hadi Tassia na Nyayo, basi tatizo ni kubwa, na linalobaki ni kupiga simu.

Simu hiyo si jambo dogo. Katika sehemu kubwa ya mitaa ya Nairobi, kampuni ya Kenya Power hutegemea wateja kuijulisha kwamba nyaya za mtaa zimezimika. Wahandisi wanaosimamia gridi ya taifa huona mabwawa, mitambo ya mvuke wa ardhini na laini kuu kwenye kompyuta zao. Transfoma iliyo juu ya nguzo nje ya lango la mkazi wa Fedha, kwa kawaida, hawaioni.

Pengo hilo ndilo ambalo teknolojia iitwayo gridi erevu inakusudiwa kuziba. Jina lenyewe limetumiwa na wauzaji wa mitambo kiasi cha kukaribia kupoteza maana, lakini wazo lake ni rahisi: pamoja na kusafirisha umeme, mtandao usafirishe pia habari kuhusu hali ya umeme huo, na habari hizo ziende pande zote mbili, kutoka kwa kampuni hadi kwa mteja na kutoka kwa mteja hadi kwa kampuni.

Safari ya umeme hadi Fedha

Kenya Power ina mizizi katika kampuni mbili za Mombasa na Nairobi za mwaka 1908, ambazo ziliunganishwa mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting Company. Jina la Kenya Power and Lighting Company lilikuja mwaka 1983. Siku hizi kazi imegawanywa: KenGen huzalisha sehemu kubwa ya umeme, KETRACO iliyoundwa mwaka 2008 hujenga laini kuu mpya, nayo Kenya Power husambaza na kuuza. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ndiyo huidhinisha bei.

Embakasi iko katikati ya mambo haya. Laini ya kilovolti 220 kutoka bwawa la Kiambere, katika Mto Tana, huishia katika kituo kikubwa cha umeme cha Embakasi. Kutoka vituo vya namna hiyo nguvu hupunguzwa hadi kilovolti 66, kisha kilovolti 11 zinazopita juu ya nguzo za mtaa. Mwishoni transfoma huzishusha hadi volti 240 zinazowasha taa, friji na pampu ya kupandisha maji katika tangi la juu ya paa.

Pampu hiyo yastahili kutajwa. Katika majengo ya ghorofa ya Eastlands, umeme ukikosekana kwa siku moja maji nayo hukosekana, na mpangaji wa ghorofa ya tano hulazimika kubeba mitungi kwenye ngazi. Kinyozi hufunga duka, na fundi wa kuchomelea vyuma huketi akisubiri. Ndiyo maana dakika zinazopotea kabla ya kampuni kujua kuna hitilafu zina bei, na anayeilipa ni mteja.

Kadiri umeme unavyoshuka kutoka laini kuu kuelekea nyumbani, ndivyo macho ya kampuni yanavyopungua. Kituo cha Kitaifa cha Kudhibiti Umeme, kilichoko Barabara ya Juja, hupokea taarifa za mitambo na laini kuu kila baada ya sekunde chache, na kinaweza kufungua au kufunga swichi kubwa kutoka mbali. Katika nyaya za kilovolti 11 taarifa huwa chache. Chini ya transfoma, ambako ndiko walipo mamilioni ya wateja, kwa kiasi kikubwa ni giza la habari hata pale ambapo taa zinawaka.

Mita ya tokeni na mipaka yake

Wengi hudhani kwamba mita ya tokeni ndiyo mita erevu. Sivyo.

Kenya Power ilianza kujaribu mita za kulipia kabla mwaka 2009 na kuzisambaza kwa wingi miaka iliyofuata. Tanzania ilikuwa imetangulia katika miaka ya 1990 kwa mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, nayo Uganda ikafuata kwa mita za Yaka. Mita hizi zilimaliza matatizo mawili ya kampuni kwa pigo moja: bili zisizolipwa, na wasomaji mita waliokadiria matumizi badala ya kuyasoma.

Katika jengo la ghorofa mtaani Fedha, mita zenyewe kwa kawaida hupangwa pamoja ukutani chini ya ngazi, na mpangaji hubaki na kifaa kidogo chenye vitufe ndani ya nyumba. Hulipa kwa simu, hupokea nambari ya tarakimu 20, huibonyeza, na uniti huongezeka.

Uzuri wa mfumo huo ni kwamba mita haihitaji kuunganishwa na chochote. Nambari hizo 20 hubeba kiasi cha uniti, utambulisho wa tokeni na alama za kukagua makosa, vyote vikiwa vimefichwa kwa ufunguo ambao ni wa mita hiyo peke yake. Tokeni ya jirani haifanyi kazi, wala tokeni iliyokwisha kutumika haiingii mara ya pili. Utaratibu huo ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa unatumika katika nchi nyingi duniani.

Upungufu wake umo katika sifa hiyo hiyo. Mita isiyounganishwa na chochote haiwezi kusema chochote. Haiwezi kuiarifu kampuni kwamba umeme umekatika, kwamba volti zimeshuka hadi 180, au kwamba mtu ameunganisha waya kando yake. Hupokea amri kupitia vidole vya mteja, basi.

Wakenya walilishuhudia hili mwaka 2024. Kila tokeni hubeba saa ya kutolewa kwake, inayohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,215 tu, na dakika hizo zilikuwa zikiisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo, mita ambayo haikusahihishwa ingekataa tokeni mpya.

Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuzifikia mita kutoka ofisini, zaidi ya milioni 7 nchini Kenya zilipaswa kusahihishwa moja baada ya nyingine, tena na wateja wenyewe. Mteja aliponunua tokeni alitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo na la tatu la uniti zake. Tarakimu 60 za kubonyeza bila kukosea. Kwa mita inayozungumza na ofisi, kazi hiyo ingefanywa usiku mmoja wateja wakiwa wamelala.

Kuna jambo jingine. Mteja wa tokeni hukaa gizani si kwa kukosa fedha peke yake bali pia mfumo wa malipo unapokwama. Julai 2023, mashambulizi ya mtandaoni yaliyolenga jukwaa la serikali la eCitizen yaliambatana na siku za usumbufu katika ununuzi wa tokeni.

Mita erevu hufanya nini

Mita erevu ina kadi ya simu ndani yake, au hutuma ishara kupitia nyaya zile zile za umeme hadi kwenye kifaa kilichofungwa kando ya transfoma, nacho huzipeleka ofisini. Kila baada ya dakika 15 au 30 huripoti matumizi na volti. Umeme ukikatika, hutumia chaji ndogo iliyohifadhi kutoa taarifa ya mwisho kabla ya kuzima.

Kenya Power ilianza na wateja wakubwa, yaani viwanda na majengo ya biashara, kisha ikaelekea kwa biashara ndogo. Mradi wa Kuboresha Umeme nchini, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijumuisha mita za aina hii. Mantiki ya kuanza juu inaeleweka: wateja wachache wakubwa huleta sehemu kubwa ya mapato. Mwenye nyumba ya kawaida mtaani Fedha yuko mwishoni mwa foleni.

Hata hivyo faida kubwa zaidi kwa mtaa haitoki katika mita ya nyumba. Hutoka katika mita inayofungwa kwenye transfoma.

Tuseme transfoma moja imetoa uniti 1,000 kwa siku, na mita zote zilizounganishwa nayo zimehesabu uniti 770. Uniti 230 hazijulikani ziliko. Sehemu yake imepotea kama joto katika nyaya, jambo lisiloepukika. Zilizobaki zimekwenda kwa mita mbovu, mita zilizochezewa au nyaya za wizi. Bila mita ya transfoma, kampuni hujua tu kwamba nchi nzima imepoteza umeme. Ikiwa nayo, hujua ni barabara gani.

Mfano huo haukuchaguliwa ovyo. Katika miaka ya fedha ya 2022/2023 na 2023/2024, Kenya Power ilipoteza karibu asilimia 23 ya umeme ilioununua. EPRA huruhusu kiwango fulani cha upotevu kuingizwa katika bei, na kinachozidi ni hasara ya kampuni. Kwa hivyo, kila mteja anayelipa hulipia pia sehemu ya umeme ambao haukumfikia.

Katika mitaa yenye msongamano mkubwa ya Eastlands wizi huo una jina lake, sambaza. Mtu huvuta waya kutoka nguzoni, huugawa kwa nyumba kadhaa na kukusanya malipo ya kila mwezi. Matokeo yake si hasara ya fedha tu. Transfoma iliyopimiwa nyumba 100 hubebeshwa mzigo wa nyumba 200, mafuta yake huchemka, na siku moja hulipuka. Anayelala gizani wiki nzima ni pamoja na jirani aliyelipa kila senti. Moto na vifo vinavyotokana na nyaya hizo ni hadithi nyingine, na ni ya kusikitisha zaidi.

Kihisi cha joto kwenye transfoma, kifaa kisicho ghali kikilinganishwa na transfoma yenyewe, kingetoa onyo siku kadhaa kabla ya mlipuko. Kingetambua pia mafuta yakipungua ghafla, jambo ambalo mara nyingi huwa na maana moja: wezi wako juu ya nguzo.

Fezi moja gizani

Wakazi wa Nairobi wanajua vyema kisa cha upande mmoja wa barabara kuwaka na mwingine kuwa giza. Transfoma hutoa umeme kwa nyaya tatu ziitwazo fezi, na nyumba hugawanywa miongoni mwa fezi hizo. Fyuzi moja ikikatika, theluthi moja ya mtaa huzima huku wengine wakiendelea kutazama taarifa ya habari.

Kurekebisha fyuzi ni kazi ya dakika chache. Kinachochukua saa ni kuipata. Mafundi hupewa jina la mtaa, wakati mwingine jina la duka au kanisa, kisha huzunguka na gari wakitafuta nguzo husika. Katika hitilafu ya kilovolti 11, hulazimika kwenda swichi hadi swichi, wakifungua na kufunga, hadi watambue kipande chenye kasoro. Foleni ya Outer Ring Road jioni haiwasaidii.

Swichi za kisasa hufanya jambo hilo zenyewe. Tawi la mti likigusa waya, swichi hufungua mkondo, husubiri sekunde kadhaa na kujaribu tena, kwa kuwa hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za muda. Kasoro ikiendelea, swichi za pande zote mbili hutenga kipande hicho na kuwarudishia umeme walio nje yake kupitia laini nyingine. Badala ya mtaa mzima kukaa gizani saa nne, barabara mbili ndizo huathirika. Vifaa vya aina hii vipo Kenya. Havijaenea vya kutosha hadi mitaani.

Ni vyema kukumbuka kwamba idadi ya wateja nchini ilipanda kutoka takriban milioni 2 mwaka 2013 hadi zaidi ya milioni 9 muongo mmoja baadaye, hasa kupitia mradi wa kufikisha umeme mashinani ulioanza mwaka 2015. Kuunganisha nyumba mpya kulipewa kipaumbele, na kuimarisha nyaya za zamani kukasubiri.

Tumbili, minara na uwanja wa ndege

Giza la mtaa lina chanzo cha mtaa. Giza la taifa zima ni jambo tofauti, ingawa nalo huishia kuwa suala la habari.

Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru na kuangukia transfoma. Mtambo ulizimika, megawati zaidi ya 180 zikatoweka mara moja, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, na nchi ikakaa bila umeme kwa takriban saa nne. Tumbili alinusurika. Ulimwengu ulicheka, lakini wahandisi waliona funzo: gridi isiyo na njia ya kupunguza mzigo kwa haraka huangushwa na kitu kidogo.

Januari 11, 2022 balaa lilikuwa karibu zaidi na Fedha. Minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka katika eneo la Imara Daima na umeme ukapotea kote nchini. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa wezi waliofungua vyuma vya kushikilia minara hiyo. Wakuu kadhaa wa Kenya Power walikamatwa, na Januari 20 Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, marufuku iliyodumu hadi Mei. Kihisi cha mtikisiko kinachofungwa kwenye mnara hutambua chuma kinapokatwa, ila hakiwezi kumkamata mwizi. Hilo bado lahitaji askari atakayefika kwa wakati.

Agosti 25, 2023 gridi ilianguka tena na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulio Embakasi hiyo hiyo, ukakaa gizani baada ya jenereta kushindwa kufanya kazi. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa umeme wa mradi wa upepo wa Turkana. Wenye mradi walisema mitambo yao ilijizima kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi katika gridi. Swali lilikuwa ni lipi lililotangulia, kwa tofauti ya sekunde.

Mabishano kama hayo hutatuliwa na vipimo vinavyofungwa katika vituo mbalimbali na kulinganishwa kwa saa ya setilaiti, vikiandika hali ya gridi mara kadhaa kwa sekunde. Marekani ilihimizwa kuvieneza na giza la Agosti 14, 2003, lililowakumba watu wapatao milioni 50 Marekani na Canada. Siku hiyo programu ya tahadhari katika chumba cha udhibiti jimboni Ohio ilikuwa imekwama bila ya wahudumu kujua. Kwa zaidi ya saa moja waliamini mambo ni shwari kwa sababu kompyuta ilikuwa kimya.

Gharama na hofu

Italia ndiyo iliyoonyesha kwamba kazi hii inawezekana kwa nchi nzima. Kuanzia mwaka 2001 kampuni ya Enel ilifunga mita takriban milioni 30 kwa muda wa miaka mitano hivi. Uingereza, iliyoanza baadaye, imekosa makataa yake mara kadhaa, na kwa miaka mingi mita za awali zilipoteza werevu wao mteja alipohamia kampuni nyingine.

Uholanzi ilikumbana na kizuizi cha aina tofauti. Mwaka 2009 Seneti ilikataa kulazimisha mita hizo, kwa sababu kumbukumbu za matumizi ya kila robo saa hufichua mambo ya nyumbani: wenyewe huamka saa ngapi, hulala saa ngapi, na wiki gani wamesafiri. Kwa mpangaji wa Fedha, hizo ni habari ambazo mwizi angezilipia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kumbukumbu za mita zinazomhusu mteja zinaingia chini yake.

Hofu nyingine ni mkono wa mbali. Mita inayoweza kuzimwa kutoka ofisini yaweza pia kuzimwa na mvamizi. Desemba 23, 2015, wavamizi waliingia katika kompyuta za kampuni za umeme za Ukraine, wakafungua swichi na kuwaacha wateja wapatao 225,000 gizani. Umeme ulirudishwa baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikuwa bado na uwezo wa kwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Gridi iliyosahau kutumia mikono ingechukua muda zaidi.

Kisha kuna fedha. Mita erevu hugharimu zaidi ya ile ya tokeni, na kadi ya simu iliyo ndani yake huhitaji kulipiwa mwaka baada ya mwaka. Gharama hizo zikiidhinishwa na EPRA huingia katika bei ya uniti, kwa hivyo mteja ana haki ya kuuliza anapata nini. Ikiwa mita itatumika tu kukata umeme wa wadaiwa upesi zaidi, amenunua kifaa cha kumnufaisha muuzaji. Ikiwa kampuni itaitumia kujua kwamba amekaa gizani, kumtumia fundi bila kungoja simu na kumfidia kifaa kilichoungua volti zilipopanda, hapo biashara ina pande mbili.

Bei za kutofautiana kwa saa nazo zinategemea mita hii. Matumizi nchini hufikia kilele kati ya saa moja na saa nne usiku, na mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Viwanda vilianza kupewa nafuu ya saa za usiku wa manane Desemba 2017. Mkazi wa kawaida hajapata nafuu hiyo, na mita yake ya tokeni isingeweza kumpa: huhesabu uniti, haihesabu saa.

Paa za Fedha nazo zimeanza kubadilika, huku na kule paneli za sola zikionekana kando ya matangi ya maji. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilitambua haki ya mteja kuupeleka umeme wake wa ziada kwenye gridi, na kanuni za kutekeleza jambo hilo zikatolewa mwaka 2024. Mwenye nyumba atakayetaka kufanya hivyo atahitaji kwanza kuiondoa ile mita iliyo chini ya ngazi, kwa kuwa ni lazima apate inayoweza kuhesabu umeme unaoingia na unaotoka.